Mahindi kwa Kata ya Kabula

Vijana wa ghalani, hamjambo. Najua mnanisoma mmeegemea magunia, na hilo nilishalikataza. Gunia haliegemewi. Ukiliegemea linalala, likilala safu nzima inafuata, na siku moja itamwangukia mtu mwenye watoto. Kaeni kwenye lile benchi la mbao, kama bado lina miguu, kisha tuendelee.

Mmeniomba niwaandikie kidogo kuhusu kazi, kwa kuwa nimekaa katika ghala hilo la akiba la hapa Tabora tangu nilipoingia kushona magunia mpaka nilipotoka nikiwa mtunza ghala, magoti yamechoka lakini ulimi bado mzima. Kwa asiyejua, kazi yetu ni kukusanya chakula kwa waliojaliwa, kukitunza kisiharibike, na kukifikisha kwa wenye njaa kabla njaa haijageuka ugonjwa. Ukisema hivyo inaonekana rahisi. Na mimi nilidhani hivyo.

Aliyenifundisha ni Mzee Maganga, Mnyamwezi wa Urambo, aliyebeba mizigo stesheni ujana wake wote kabla ya kukabidhiwa funguo za ghala. Siku yangu ya kwanza nilifika na shazia yangu mkononi, ile sindano nene ya kushonea magunia, nikitegemea kupewa uzi. Akaniambia niiweke chini.

"Kunja mkono wa gauni, Mama Hadija. Zamisha mkono humo mpaka kiwiko."

Nikazamisha.

"Unasikia nini?"

"Mahindi, Mzee."

"Mahindi hata kipofu anayajua. Nakuuliza, joto au baridi?"

Lilikuwa joto. Juu mahindi yalikuwa makavu yanalia kama kokoto, lakini katikati palikuwa na joto la kitanda alichotoka mtu. Tukalimwaga lote juani kwenye turubai, tukaligeuza kwa reki kutwa nzima. Tangu siku hiyo sijapokea gunia la mtu bila kulizamishia mkono, awe shehe, awe padri, awe mkwe wangu. Gunia lenye joto lina unyevu, unyevu unaleta ukungu, na ukungu unaleta sumukuvu, ambayo haiondoki kwa kupepeta wala kwa kupika. Ukimpa mtu mwenye njaa mahindi ya namna hiyo, ni afadhali ungemwacha na njaa yake.

Siku hizi mna kile kidude cha kupimia unyevu. Mnakichomeka, namba inatokea, mnaandika. Ni kizuri, sikionei wivu. Lakini betri ikiisha, chukueni chupa kavu, tieni mahindi kiasi na chumvi kavu kidogo, tikiseni, kisha iacheni itulie. Chumvi ikinata kwenye kuta za chupa, mahindi hayajakauka. Na mkishamaliza, chumvi hiyo msiirudishe jikoni. Kuna mtu alishairudisha na tukala mboga yenye vumbi la ghala.

Mzee Maganga hakutaka gunia liguse sakafu wala ukuta. Chini tulipanga chaga za mbao, na kati ya magunia na ukuta tuliacha ujia wa kukagulia dumuzi, wale wadudu watoboao nafaka. Ujia huo uwe mpana kiasi gani, alikuwa na kipimo chake, na kipimo hicho kilikuwa mimi. Akishapanga safu ananiita. "Mama Hadija, pita." Nikipita bila kusugua ukuta, ujia umetosha. Nikisugua, vijana wanapanga upya huku wananicheka. Mkiona ukuta wa nyuma una mstari uliong'aa usawa wa nyonga, huo ni mchango wangu kwa taifa.

Sasa kuhusu wanaotuletea. Msije mkadhani ghala linajazwa na matajiri. Wafanyabiashara wa sokoni walituletea mchele wa chenga, ambao mteja haununui lakini wali wake unashibisha sawasawa. Msikiti ulileta zaka ya nafaka, kanisa likaleta sadaka ya mavuno, na mwenye mashine ya kusaga alitusagia bure kwa masharti kwamba tusimwimbie sifa mbele ya wateja wake, wasije na wao wakataka bure. Akina mama wa Tura, wale wanaowauzia chakula abiria treni inaposimama, walituletea michembe, vipande vya viazi vitamu vilivyokaushwa, safi, vyeupe, unatamani kuvitafuna hivyo hivyo.

Alikuwepo pia mkulima mmoja wa Urambo, wa tumbaku, aliyelima na mahindi pembeni. Huyo alituletea lumbesa. Gunia limejazwa mpaka limevaa kilemba, limeshonewa wavu juu, halipiti mlangoni. Nikamwambia, "Baba, hii ni marufuku, inavunja watu migongo. Tupunguze."

Akakasirika. "Wanunuzi wananidai lumbesa kila siku, nawapa. Leo natoa kwa ajili ya Mungu, ndiyo nitoe pungufu?"

Tukaligawa gunia lake nje, kisha nikamwonyesha kwamba limekuwa gunia moja na nusu. Akaondoka ameridhika, na mwaka uliofuata akaleta magunia yaliyoshonwa vizuri, mengi zaidi, na akahakikisha nimeyahesabu mbele yake.

Huyo huyo ndiye aliyetuponza pia, ingawa si kwa kutaka. Dereva wetu Shabani alimsaidia siku moja kupeleka tumbaku yake kituo cha kununulia, na alipotoka huko akapitiliza Tura kubeba michembe kwa lori lile lile. Kulifagia alilifagia. Lakini michembe hunywa harufu kama pamba inavyonywa maji. Tulipoipika katika shule moja, watoto wakaanza kupiga chafya kwenye foleni, na mwalimu mkuu, aliyeacha sigara kwa taabu nyingi, akaomba aongezewe. Tulicheka, lakini michembe yote iliyobaki ilikwenda kwa nguruwe wa watu. Kwa hiyo kabla hujapakia chakula, ingia ndani ya lori, funga turubai, vuta pumzi. Kama unasikia chochote, hata sabuni, usipakie.

Niwaambie ya Ziba, maana hayo ndiyo yanayonipa usingizi mzuri.

Ulikuwa mwaka wa mvua mbaya kule Igunga. Mvua ilianza, watu wakapanda, ikakata, mahindi yakaungua yakiwa magotini. Kule watu ni wakulima na wafugaji, na malisho yalipokwisha wanaume wakaswaga ng'ombe kwenda mbali kutafuta majani. Nesi wa zahanati ya kijiji cha Ziba akampigia simu Mzee Maganga. Alimtaja mama mmoja kijana, jina lake Kabula, ananyonyesha, maziwa yamekata, mtoto analegea. Mume hayupo. Nesi akasema, "Mzee, wako wengi, lakini huyu mtoto hatasubiri."

Tukapakia. Tulipita Nzega asubuhi, saa nne tuko Ziba, lori limejaa mahindi na kunde. Shabani ana sauti ya kuadhini, tena siku hiyo tulimpa kipaza sauti. "Wananchi wa Ziba! Njooni mpokee chakula cha bure! Chakula cha bure kimefika!"

Hakuja mtu.

Tukadhani hawajasikia, tukazunguka kijiji kizima. Watoto walitoka kutazama lori, mama zao wakawaita ndani. Wazee waliokaa kivulini walituitikia salamu vizuri kabisa na wakaendelea kusuka kamba zao. Nimegawa chakula mahali pengi, nimeona watu wakigombana, wakipanga foleni kwa mawe, wakijificha kwenye foleni mara mbili. Sijawahi kuona njaa inayokaa nyumbani na kukunja mikono. Nikamwambia nesi anipeleke kwa Kabula.

Nyumba ilikuwa imefagiwa. Kinu kimelazwa kifudifudi na kuku hayupo hata mmoja. Kabula alitoka na mtoto mgongoni, akanisalimia kilugha, "Mwangaluka," nikajibu nilivyojua, akatabasamu kwa adabu. Akanipa kigoda, kisha akanichotea maji kwa kata, yaani kibuyu kirefu kilichokatwa kikawa na mpini, kilichopambwa kwa michoro ya chuma cha moto, samaki na miguu ya ndege kuzunguka mdomo. Nikaisifu.

"Nimeichonga mwenyewe," akasema.

"Mwanangu, lori liko pale. Njoo uchukue chakula."

"Nimelisikia, Mama."

"Sasa?"

Akamshusha mtoto, akamweka pajani. "Chakula cha bure kwetu kinaliwa msibani. Mwenye mji wangu yuko porini na ng'ombe, simu yake haipatikani tangu aondoke. Nikiingiza chakula cha bure kwenye mlango huu, nitakuwa nimemkalia matanga. Mimi sijafiwa."

Alisema polepole, kama anayenifundisha jambo ambalo mtu mzima nilipaswa kulijua. Nami ulimi wangu mnaujua. Nilikuwa tayari kumwambia kwamba mila haichemshwi ikawa uji. Nikamtazama mtoto, hakulia, alikuwa amenikodolea macho makubwa yasiyofuata kitu. Niliogopa. Nimeona magunia ya watu yakioza, nimeona lori likizama mtoni, lakini sijawahi kuogopa kama nilivyoogopa kwenye kigoda kile, kwa sababu chakula kilikuwepo, mtoto alikuwepo, na kati yao palikuwa na kitu ambacho sikuwa na mikono ya kukisogeza. Uji wa lishe wa mtoto nesi aliuleta kama dawa, na dawa haina matanga. Lakini mama asipokula, maziwa yatatoka wapi?

Nikarudi kwenye lori nikamweleza Mzee Maganga. Shabani akashauri tumwachie mwenyekiti wa kijiji magunia, watu watayafuata wenyewe kimyakimya. Mzee akatikisa kichwa. "Yataliwa na panya." Akavuta ndevu zake chache. Halafu akaanza kujicheka.

"Tumekuja kuwaita watu msibani kwa kipaza sauti," akasema. "Zima hicho kitu, Shabani. Mama Hadija, bibi zako walikuja Tabora kwa njia ipi?"

"Kwa misafara, kutoka pwani. Unajua."

"Na babu zangu walikuwa wamebeba mizigo ya misafara hiyo hiyo. Walikula njia nzima, miezi, na hakuna aliyewaita ombaomba. Walitoa kitambaa, wakapata mtama. Walihemea. Mwaka wa njaa mtu anachukua alichonacho, anakifuata chakula kilipo, anabadilisha, anarudi kwake na heshima yake. Hawa wanajua kuhemea tangu wazaliwe. Sisi ndio tumesahau kuwauliza wana nini."

Akatandika gunia tupu kivulini mwa lori, akafungua mahindi, akaweka debe mbele yake, akaketi kama mchuuzi wa siku nyingi. Kisha akapaza sauti yake mwenyewe, bila mashine. "Ghala letu Tabora lina vumbi! Nani ana fagio? Nataka fagio, nataka mikeka, nataka vyungu! Natoa mahindi!"

Wale wazee kivulini wakaacha kusuka kamba. Mmoja akasimama.

Wa kwanza kufika alikuwa bibi mmoja na fagio nne. Akataka debe zima. Mzee Maganga akampa robo. Mimi nikamnong'oneza, "Mzee, mpe tu!" Akanigeuzia jicho ambalo sijalisahau.

"Ukimpa tu, umemrudisha msibani. Bei ya kwanza haikubaliwi, ya kwake wala yako."

Hilo ndilo nililotaka mlijue, vijana. Alipatana na bibi yule mpaka nikaona haya, akazikagua fagio kijiti kwa kijiti, akasema moja ina upara. Bibi akamwambia upara uko kichwani kwake. Watu wakaanza kucheka, na walipocheka wakaanza kuja. Walileta mikeka, kamba, mitungi, vinu vidogo, mlenda uliokaushwa, kigoda chenye miguu mitatu. Kila kitu kilipatanwa kwa kelele, na kila mmoja aliondoka na debe zima au zaidi akiamini kwamba amemshinda yule mzee mbishi wa Urambo. Nami nikaketi upande wa pili, nikashika debe langu, nikaanza kuwa mbishi pia. Kazi hiyo haikunipa taabu.

Kabula alikuja jua limeshapita utosini. Mtoto mgongoni, kata mkononi. Akapita mbele yangu, akaenda moja kwa moja kwa Mzee.

"Madebe mawili," akasema.

"Kwa kibuyu kilichokatwa? Nusu debe."

"Nusu debe! Mzee, wewe umewahi kuchonga kata, au unajua kunywea tu?"

"Ina ufa hapa."

"Ufa uko kwenye macho yako. Huo ni mkia wa samaki."

"Samaki Ziba? Mmemwona wapi?"

Watu wakaangua kicheko. Sauti yake Kabula ikapanda. Asubuhi ile alikuwa akiongea kwa pumzi, sasa alikuwa amesimama mkono kiunoni anamtajia mzee mwenye mvi kasoro zake mbele ya kijiji kizima, na mimi nikainamisha kichwa kwenye debe wasinione macho. Wakafika madebe mawili, na kunde za nyongeza, na Mzee Maganga akajilaza chali kwenye gunia akilia kwamba mwanamke huyu amemfilisi. Wanawake wawili wakamtwika Kabula mzigo. Alikwenda polepole, shingo wima, kama mtu yeyote anayetoka gulioni.

Tulirudi Tabora na lori limejaa fagio. Wafadhili wetu walipoliona walidhani tumechanganyikiwa. Lakini tulipowasimulia, mikeka ilikwenda msikitini, mitungi ikanunuliwa na akina mama kwa mchele na maharage yaliyoingia tena ghalani, na picha za fagio za Ziba zikazunguka kwenye kundi la watsap mpaka watu wakawa wanadai zao. Ile kata niliihemea mimi, kwa mahindi kutoka nyumbani kwangu, nikaining'iniza juu ya mtungi wa maji pale mlangoni. Tukarudi Ziba mara kadhaa kabla ya mavuno, kila mara kama wachuuzi, kila mara tukigombana bei.

Kila simu ya nesi ilipoita nilimpa mtu mwingine apokee. Mpaka siku aliyopiga kuniambia maziwa yamerudi na mtoto amempiga teke kwenye mizani. Nilikaa pale pale kwenye chaga nikasema Alhamdulillahi, kisha nikamfokea kijana aliyekuwa ameegemea gunia. Kuhusu mume wa Kabula, nesi alisema bado hakuna habari.

Mwaka uliofuata mvua ilinyesha kama inavyotakiwa. Mchana mmoja baada ya mavuno nilikuwa nashona midomo ya magunia nikasikia, "Shikamoo, Mama."

"Marahaba," nikajibu, sikuinua kichwa. Halafu nikainua. Mwanamke mwenye mashavu amesimama mlangoni, mtoto amesimama kwa miguu yake mwenyewe ameshika kanga ya mama. Sikumtambua mpaka alipoitazama kata juu ya mtungi. Nyuma yake palikuwa na mwanamume mrefu, mwembamba, kavaa katambuga za matairi, vumbi mpaka magotini, gunia begani.

Kabula akamwonyesha kwa kidevu. "Huyu hapa. Nilikwambia sijafiwa."

Mwanamume yule akanisalimia kwa aibu, hajui kwa nini mama wa mjini anamlilia.

"Nimekuja kuhemea kata yangu," akasema Kabula. "Gunia hilo."

Nikajifuta uso kwa ncha ya mtandio. Kutoka ndani, kwenye kiti chake, Mzee Maganga akapiga kelele, "Bei ya kwanza hiyo! Kataa!"

"Gunia moja tu?" nikasema. "Kata hii imeshazoea maji ya Tabora."

"Umeshaitia ufa, Mama."

"Huo ni mkia wa samaki."

Alicheka mpaka akamshika mumewe begani, na gunia likayumba. Nikamwambia alishushe kabla halijamwangukia mtoto, maana mimi sinunui kitu sijakipima. Nikalifumua mdomo, nikakunja mkono wa gauni, nikazamisha mkono mpaka kiwiko. Baridi. Makavu, baridi mpaka chini. Kipimo kilikuwa kimekwisha, lakini mkono nikauacha humo.